Vifaru Wenye Kwato za Ng'ombe

Baba alichonga vifaru, na hakuchonga kitu kingine. Ndivyo kazi ilivyokuwa katika mabanda ya wachongaji karibu na soko la Gikomba, Nairobi: kila fundi alikuwa na mnyama wake. Aliyekaa kushoto kwa baba alikuwa mtu wa twiga. Aliyekaa kulia alikuwa mtu wa swara, na mwisho kabisa, palipojaa vumbi la mbao, alikaa mzee wa tembo ambaye hakusema na mtu kabla ya chai ya saa nne. Ukimwomba mtu wa twiga akuchongee simba, angekutazama kana kwamba umemtukania mama. Mteja aliyetaka simba aliambiwa aende kwa mtu wa simba.

Kazi yenyewe hukujifunza kwa kumtazama mnyama. Nani angekuwa na nafasi hiyo? Wengi wa mafundi walikuwa Wakamba kama sisi, watu waliokulia kati ya ng'ombe na mbuzi, na kifaru walimjua kwa sifa tu. Mwalimu wako alikupa kifaru aliyekwisha kuchongwa, akakupa na gogo, akakuambia ufanye kama yule. Ulipima kwa kidole gumba na kwa shubiri, ukashika tezo, ukaharibu magogo mengi, hadi ikafika siku mwalimu akamtazama kifaru wako asicheke. Huyo ndiye aliyepewa mwanafunzi wa baada yako awe mfano wake. Kwa hiyo kila kifaru alikuwa na baba, na baba huyo naye alikuwa na wake.

Mimi nilikulia mtaa wa Jericho, katika nyumba ya kaunsili ya vyumba viwili, na vifaru tuliishi nao. Walikuwa chini ya kitanda, juu ya kabati la vyombo, kando ya jiko. Kila Jumamosi niliwapiga msasa, kisha wale waliochongwa kwa mti wa bei rahisi nikawapaka rangi nyeusi ya viatu ili wafanane na mpingo. Usiniulize kama huo ni uaminifu. Baba, ambaye Jumapili ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka kanisani, alisema mtalii hununua umbo, hanunui mti.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwishoni mwa miaka ya sabini, tulipata mwalimu mpya wa biolojia, kijana wa suruali za bugaluu aliyetoka chuo kikuu juzijuzi. Alitufundisha jinsi viumbe vinavyopangwa: spishi ndani ya jenasi, jenasi ndani ya familia, familia ndani ya oda, na kuendelea hivyo hadi juu ambako sote tulikutana, sisi na panzi na jongoo. Niliupenda mpango huo tangu siku ya kwanza. Kwetu kila kitu kilirundikwa juu ya kingine, na hapa alikuwepo mtu anayesema kwamba vitu vyote vilivyo hai vina mahali pao, na kwamba pahali hapo panaweza kutafutwa.

Siku moja tukafika kwa wanyama wenye kwato. Mwalimu aliwagawa kwa vidole. Upande mmoja aliweka wanaokanyagia vidole viwili: ng'ombe, mbuzi, twiga, swara. Upande wa pili aliweka wale ambao uzito wao hubebwa na kidole cha kati: punda na farasi, wenye kidole kimoja, na kifaru mwenye vitatu. Darasa zima lilicheka aliposema kwamba kifaru yu karibu zaidi na punda milia kuliko alivyo na kiboko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepiga msasa miguu ya vifaru tangu nikiwa mdogo, na niliijua yote. Ilikuwa na ukwato uliopasuka katikati, vidole viwili safi, mguu wa ng'ombe mtupu.

Jioni hiyo sikumngoja baba hata anawe mikono. Nilimwambia vifaru wake wana miguu ya ng'ombe. Baba aliniita Mwaitu, yaani mama, kwa sababu nilibeba jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu kwa binti wa kwanza. Alisema, Mwaitu, mguu huu nilifundishwa na mzee wa Wamunyu, kule kwetu Ukambani, aliyechonga kabla hata hujafikiriwa. Nilimjibu kwamba huenda mzee huyo alikuwa na ng'ombe, lakini hakuwa na kifaru. Mama alinikata jicho. Sikunyamaza, sijawahi kuwa mtu wa kunyamaza nikiwa na haki yangu, na wanaoishi nami hadi leo watakuambia hivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, baba alinishika mkono bila kusema tunakwenda wapi. Tulibadilisha basi mjini, tukaenda Lang'ata, mahali walipotunzwa wanyama waliookotwa porini bila mama zao. Kulikuwa na kifaru mmoja mchanga aliyekuwa akijikuna kwenye nguzo. Baba alichuchumaa kando ya ua akiwa na suti yake ya kanisani, akangoja. Kifaru hakuwa na haraka. Hatimaye alipita kwenye tope lililokuwa karibu na hodhi lake la maji, akaacha alama za miguu, na baba akainama hadi kofia ikaanguka. Aliokota kofia, akaipangusa, akasema, vitatu. Kisha akaninunulia soda, tukarudi nyumbani.

Jumatatu alichonga kifaru mwenye vidole viwili. Jumanne mwingine.

Nilikasirika kweli. Kama angeendelea kubisha, ningeelewa, lakini mtu aliyeona kwa macho yake? Nilimwuliza hivyo mbele ya mama, na nikajiandaa kufukuzwa mezani. Baba aliendelea kula muthokoi wake, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, hadi sahani ikaisha, ndipo akanijibu.

"Nikibadilisha mguu, ndugu yangu atanijuaje?" alisema. "Na mimi nitamjuaje?"

Baba mdogo nilimkumbuka kidogo sana, mtu mrefu aliyenibeba mabegani. Aliondoka nikiwa mdogo akaenda upande wa Tanzania, ambako mpingo ulikuwa bado unapatikana, akapata banda Arusha. Salamu zake zilikuja kwa madereva wa mabasi, pamoja na vipande vya mti mzuri alivyomtunzia baba. Kisha mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, mabasi yakakoma, na salamu zikakoma pamoja nayo. Barua za baba hazikujibiwa. Mtu aliyepita huko kwa njia za panya alileta habari kwamba wachongaji wa lile banda walitawanyika, wengine wakaenda Moshi, wengine Tanga. Kuhusu baba mdogo hakuna aliyejua lolote.

Sasa, mzee wa Wamunyu aliwafundisha vifaru watu wawili tu, baba na mdogo wake. Wengine waliochonga vifaru pale Gikomba waliwapa miguu ya mviringo isiyo na vidole kabisa, kama vigogo. Ukwato wa ng'ombe ulikuwa wa watu wawili duniani. Baba aliamini kwamba ndugu yake alilijua hilo kama yeye alivyolijua, na kwamba popote alipokuwa alikuwa akiulinda mguu ule. Ndiyo maana kila shehena ya vinyago ilipoletwa mabandani kutoka nje, baba aliwageuza vifaru chali na kuwatazama nyayo.

Kule kijijini nyanya aliuliza habari za mwanawe kila tulipokwenda. Wazee wa ukoo walikuwa wameanza kusema kwamba afanyiwe maombi ya mwisho, ahesabiwe kuwa amekufa, mama yake apate kupumzika. Baba ndiye aliyewakatalia. Aliwaambia wangoje, lakini hakuwaambia wangojee nini, maana angewezaje kuwaambia wazee kwamba wanangojea mguu?

Nilipolijua hilo sikumsumbua tena. Lakini halikunitoka kichwani, na muhula uliofuata nilimletea kitu kutoka shuleni. Mwalimu wa bugaluu alikuwa ametueleza jinsi wanabiolojia wanavyotambua viumbe vilivyo ndugu. Umbo pekee hudanganya, alisema. Nyangumi ana umbo la samaki kwa sababu maji humtaka awe hivyo, lakini si samaki. Popo ana mabawa, na si ndege. Kitu ambacho kazi ya mnyama inakidai hakikuambii sana ametoka kwa nani, kwa sababu yeyote mwenye kazi hiyo angeweza kukipata. Tazama vile vitu visivyo na kazi, alisema, vile ambavyo hakuna aliyevihitaji. Chatu ana vifupa vya miguu ya nyuma ndani ya nyama yake, na hatembei. Vifupa hivyo vinakuambia alitoka kwa waliotembea.

Nilimweleza baba haya akiwa amekaa kwenye gogo lake mlangoni, ananoa patasi. Nikamwambia kwamba pembe ya kifaru si ushahidi, kila mchongaji huiweka kwa sababu mteja anaitaka. Lakini ukwato uliopasuka hakuna mteja aliyeuagiza. Watu wawili wakiwa nao, wameupata pahali pamoja. Aliacha kunoa.

"Kwa hivyo hata hao wasomi wako," akasema, "wanatafuta ndugu kwa makosa."

Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani. Alifurahi sana. Tangu siku hiyo alikuwa akiniuliza tumesoma nini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla, na siku nilipomwambia kwamba tembo na pimbi wa miambani, mdogo kama sungura, ni jamaa wa karibu alicheka hadi akashika mbavu, kesho yake akaenda kumwambia mzee wa tembo, ambaye hakumsemesha wiki nzima. Mama ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Alikuwa amesikia kwamba masomo hayo mwishowe humfikisha mtu kwa nyani, akataka kujua kama ni kweli. Nilimwambia ni kweli. Alifikiri kidogo, akasema nyani wa shamba la kwao walikuwa wezi, na kama kuna undugu basi ni wa upande wa baba. Kisha akaendelea kunilipia karo kwa pesa za maharagwe yake ya sokoni, na akaniombea kabla ya kila mtihani wa biolojia bila kukosa.

Nilimaliza sekondari, nikaingia chuo kikuu kusomea sayansi, binti wa kwanza kutoka mstari wetu wa nyumba. Ninalitaja kwa sababu ninajivunia. Mpaka ukafunguliwa nikiwa huko. Baba alipanda basi la kwanza alilolipata, akaenda Arusha, akarudi baada ya siku chache akiwa amekonda. Palipokuwa na banda kulikuwa na gereji. Wazee wa ukoo waliposikia, walisema sasa basi, maombi yafanywe baada ya mavuno. Safari hii baba hakukataa.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nimempelekea baba chakula bandani, alipokuja mama mmoja wa soko la Jericho aliyekuwa akileta vitenge kutoka Moshi, upande wa Tanzania. Safari hii alikuwa na gunia la vinyago juu ya mzigo wake. Alivimwaga chini mbele ya mabanda kuona nani atanunua. Baba aliinuka kwa mazoea, akaanza kuwageuza vifaru chali mmoja baada ya mwingine.

"Mzee, hao ni wa kuuza," mama wa vitenge akamwambia. "Usiwatekenye tu."

Baba alikuwa ameshika kifaru mdogo wa mpingo wa kweli, na kidole chake gumba kilikuwa kimeingia kwenye mpasuko wa ukwato. Alinipa nimshike. Vidole viwili safi, mbele na nyuma. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilipomtazama baba nikaona uso wake hauna furaha. Alimchukua tena kifaru, akampapasa masikio, akampapasa jicho, lililochimbwa ndani zaidi kuliko tulivyozoea.

"Mguu ni wetu," akasema polepole. "Lakini huu mkono siujui."

Tulikaa chini sote wawili, kifaru kati yetu, nasi tukamsoma. Nilimwuliza kama mtu anaweza kuwa alinunua kifaru wa baba mdogo akamwiga tu. Baba alimgeuza akapapasa katikati ya miguu ya nyuma. Mzee wa Wamunyu, alisema, aliwafundisha kukata tumbo kutoka nyuma kwenda mbele, na ukimaliza msasa jicho haliwezi kuiona njia ya tezo, lakini kidole huisikia. Hapa njia ilitoka nyuma kwenda mbele. Hilo huwezi kuliiga kwa kutazama kifaru aliyekamilika. Lazima mtu akae karibu nawe akushike mkono. Basi aliyechonga kifaru huyu alifundishwa, na kama hakufundishwa na baba, alifundishwa na mtu mmoja tu.

Baba alinitazama kama anayengoja nimalizie. Mimi ndiye msomi. Lakini nilichokijua hakikuwa cha kumfurahisha. Kujua kwamba vifaru wawili wana babu mmoja si kujua kwamba babu huyo yu hai. Katika vitabu vyangu vyote babu wa pamoja alikuwa amekwisha kufa zamani, na ni wajukuu tu waliobaki kutuonyesha alikuwepo. Mwanafunzi huyu angeweza kuwa alifundishwa miaka mingi iliyopita na mtu ambaye sasa yuko kaburini. Nilimwambia baba hivyo, kwa sababu sijui kumdanganya. Akasema hata yeye amewaza hilo.

Alimnunua kifaru yule. Kisha alimwomba mama wa vitenge, akirudi Moshi, amtafute aliyemuuzia, amtafute aliyemchonga, aseme kwamba kuna mtu Gikomba anayetaka kujua nani alimfundisha. Mama wa vitenge alimtazama usoni, akaacha utani, akasema atafanya.

Mavuno yalifika. Siku ya maombi ilikwisha kupangwa, na mama alikuwa ameshashona gauni. Jumamosi moja alasiri nilikuwa naanika nguo nje nikaona mtu mrefu mwenye mvi anakuja polepole katikati ya nyumba, anauliza watu njia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjamana kifuani, umepooza. Kando yake alitembea msichana wa rika langu, amebeba kikapu, na alikuwa na paji langu la uso. Sikumbuki niliiacha vipi ile shuka. Nakumbuka tu kwamba ilikuwa chini kwenye vumbi, na nilikuwa nimefika mlangoni nikimwita baba.

Walishikana mlangoni, ndugu wawili, hadi mama akawavuta ndani kwa sababu majirani walikuwa wamejaa. Baba mdogo alitueleza kwa kifupi. Mpaka ulipofungwa alihamia vijijini nyuma ya Moshi, akaoa huko. Baadaye ugonjwa ukamshika upande mmoja, na mkono wa kazi ukafa. Watoto wake wote walikuwa wasichana. Basi alimkalisha mkubwa wao mbele ya gogo, akamshikia tezo kwa mkono wa kushoto, akamfundisha, na ndiye huyo aliyefikiwa na ujumbe wa mama wa vitenge. Katika mabanda yetu hakuna aliyewahi kuona mwanamke akichonga. Baba alimgeukia binti huyo, akamwuliza anaitwa nani, na binti akataja jina langu, yaani jina la nyanya. Kila ndugu alikuwa amempa binti wake wa kwanza jina la mama yao, mmoja huku na mwingine kule, bila kuambizana.

Chai ilipokwisha kunywewa, baba alimleta yule kifaru wa mpingo, akamweka juu ya meza.

"Nilijua hutaubadilisha mguu," alimwambia ndugu yake. "Nilijua unaulinda ili nikuone."

Baba mdogo alimtazama kifaru, akamtazama baba. "Mguu gani?"

Baba akamwonyesha. Akamweleza kuhusu vidole vitatu, na tope la Lang'ata, na miaka yote hiyo. Baba mdogo alimsikiliza hadi mwisho, mdomo wazi.

"Kwani kifaru hana mguu hivi?" akauliza.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akafunika uso kwa leso. Mimi nilimtazama baba, nikaogopa kwamba ameumia, maana kwa miaka yote aliamini kuna mtu upande wa pili anayelinda ishara pamoja naye, na kumbe alikuwa peke yake. Lakini alikuwa akitikisika mabega, machozi yakimtoka, na ndugu yake akacheka kwa kumwona yeye anacheka. Nilijua wakati ule, kuliko darasa lolote lilivyowahi kunionyesha, kwamba chatu hatunzi vifupa vyake ili sisi tumjue. Anavyo kwa sababu alipewa. Hakuna aliyetuandikia chochote, na bado kinasomeka.

Kesho yake tulikwenda kijijini sote. Maombi yalifanyika, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari, ila yalikuwa ya shukrani, na nyanya alikaa katikati akiwa ameshika ule mkono uliopooza, hakuuachia hata wakati wa kula.

Tuliporudi Nairobi, baba alimchukua binti wa ndugu yake hadi mabandani. Mtu wa twiga alinung'unika kwamba hii si kazi ya wanawake. Baba alimtandikia binti gunia kando ya lake, akampa gogo na tezo yake mwenyewe, akakaa. Halafu akaniita mimi, niliyekuwa nimesimama nyuma yao, akanipa kipande cha chaki.

"Chora huo mguu wenu wa shule," aliniambia. "Sasa hakuna mtu tunayemtafuta."

Nikapiga magoti, nikachora vidole vitatu kwenye gogo.